Lubumbashi hawatafuti mwalimu wa Kiswahili

Ndugu zangu mnaotoka Dar na Mbeya kuja kufanya kazi Lubumbashi, Kongo, kuna tabia inaudhi. Mgeni wetu hata wiki hajamaliza, anamcheka mama wa mapokezi mbele za watu kwa kuwa kasema "nitakuya kesho", yaani nitakuja. Baadaye analalamika karatasi za kibali chake zinalala mezani na hakuna anayemwambia kitu. Nani amwambie? Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, ukakusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili hiki ndicho kilichowaunganisha kazini na majumbani. Kama umeshacheka, omba radhi mbele ya walewale waliosikia. Pembeni haitoshi.

Kujua unasimama wapi na wenzako, andika majina ya wale ambao bila wao kazi yako inakwama: mhasibu, anayeshughulikia karatasi za forodha, dereva, mlinzi wa geti. Kwa kila mmoja jiulize: lini niliongea naye bila kuomba kitu? Nikikosea Kifaransa, ananirekebisha pembeni au anacheka na wenzake? Na habari mbaya ananiletea mwenyewe, au nazisikia kwa bosi?

Hilo la mwisho ndilo zito. Lori likikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwenzako wa kweli anakuambia mapema, kabla hujamwahidi mteja kwamba mzigo unaingia leo. Anayekuacha uahidi huku anajua, hayuko nawe, hata akikuchekea kila asubuhi. Chagua majina mawili yenye majibu mabaya zaidi, uanze na hayo. Ukiwavamia wote kwa ukarimu wa ghafla, watauliza unataka nini.

Dawa ya kwanza ni salamu. Kabla ya kuwasha kompyuta, pita kila meza na umpe kila mtu mkono. Ukimruka mmoja, ataona umefanya makusudi. Mkubwa ni Papa au Mama, na huongeleshwa kwa wingi: "Papa, munakuya lini?" Kumwita jina tupu ni kumvunjia heshima. Na usimtumie ujumbe wa simu mtu aliyekaa hatua tano kutoka kwako. Nenda.

Mwenzako akifiwa, mchango wa idara peke yake hautoshi. Fika kwenye kilio, ukae hata nusu saa na wengine. Hakuna chakula cha mchana kitakachokupa heshima kama hiyo. Mpira nao una mpaka: ujue kwanza nani wa Mazembe na nani wa Lupopo, timu mbili pinzani za mji huu, na ukiwa mgeni, Jumatatu baada ya pambano lao sikiliza tu.

Pesa ndizo zinazovunja zaidi. Mwisho wa mwezi utaombwa mkopo. Kopesha kile tu ambacho kisiporudi utabaki unamsalimia aliyekopa, na kiwango kiwe kimoja kwa wote, kwa sababu wataulizana. Ukikopa wewe, rudisha dola safi: noti yenye mchaniko mdogo inakataliwa sokoni, na unayemlipa ataona umemtupia hasara yako. Likelemba ya ofisini, yaani mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, usiingie mwezi wa kwanza. Ukiingia, omba zamu ya mwisho, wasije wakahofu kwamba utapokea kisha urudi Tanzania.