Pamba ya Umande

Mwaka 1992, nikiwa na umri wa miaka 11, wazazi wangu walinitoa Mwanza mjini wakanipeleka Kwimba kwa bibi mzaa baba, nikamsaidie kuvuna pamba wakati wa likizo ya Juni. Shamba lake halikuzidi ekari mbili. Alikuwa amelipanda kwa matuta mwishoni mwa Novemba, akatumia mbegu za manyoya ambazo asili yake ni kituo cha utafiti cha Ukiriguru, na miche ilipochipua alipunguzia ikabaki miwili kila shimo.

Vitumba vingi vilikuwa vimekwisha kupasuka, lakini katika matawi ya juu yalisalia maua machache yaliyochelewa. Bibi alinionyesha mawili yaliyokaribiana, moja la rangi ya maziwa na jingine jekundu lililonyauka, akaniambia kwamba la kwanza limefunguka asubuhi hiyo na la pili ni la jana, kwa kuwa ua la pamba hubadilika rangi kabla halijaanguka na kuacha kitumba. "Huyu ni ndugu yake bamia," aliongeza. Miaka mingi baadaye mwalimu wa baiolojia alipotueleza kwamba pamba, bamia na hata mbuyu ni wa familia moja, sikushangaa sana, ila kwa huo mbuyu.

Agizo la bibi lilikuwa kwamba tusiingie shambani kabla umande haujakauka, na kwamba kila mchumaji afunge vitambaa viwili kiunoni, kimoja cha pamba safi na kingine cha fifi, yaani ile yenye madoa. Siku ya nne, kwa kutaka sifa, niliamka kabla ya wote nikachuma peke yangu huku miguu ikilowa, nikaweka zote katika kitambaa kimoja, kisha nikazishindilia katikati ya mzigo uliokuwa tayari kwa safari.

Kesho yake baba mdogo aliufunga mzigo kwenye baiskeli, tukamfuata kwa miguu hadi gulioni. Karani wa mizani hakuupima. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na konzi ya pamba ya manjano iliyoshikamana kama uji uliopoa, ndani yake mna kangambili aliyepondeka, mdudu yule mwekundu mwenye alama nyeusi, ambaye hufyonza mbegu ndani ya kitumba na kuacha uozo unaotia nyuzi madoa. Aliinusa, akasema ina unyevu na imeanza kupata joto, na kwamba hawezi kuimwaga juu ya pamba za wenzetu. Foleni nzima ilikuwa ikitutazama. Nilimwona mwonevu wakati ule. Leo naona kwamba alitutendea haki.

Bibi hakunipiga wala hakunitaja. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiita kwa utani wake wa kila siku, ila safari hii bila tabasamu: "Mume wangu, leo umeniaibisha. Pamba haiokotwi kama kuni." Alitandika mikeka uani, tukaimwaga pamba yote, na kwa siku mbili tukaianika na kuichambua fundo kwa fundo, tukiondoa vipande vya majani makavu vinavyovunjika kila unapovigusa na kujificha zaidi, kazi ambayo hadi leo sijapata nyingine ya kuilinganisha nayo kwa uchoshi.

Siku ya tatu tulirudi na mizigo miwili. Karani yule yule aliingiza mkono, akauzungusha kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akatoa konzi nyeupe yenye kipande kimoja cha jani, akakipuliza, kisha akaita watu wa kunyanyua mzigo. Fifi ilikuwa kilo 9, kwa bei ya chini. Bibi aliomba iandikiwe stakabadhi ya peke yake, akaikunja mara mbili, akanikabidhi niishike mkononi mpaka nyumbani.