Jinsi Nilivyofunga Tosheni Baa za Milimita 26 Kwenye Porsche 911 ya Mwaka 1973

"Chomoa ya zamani, chomeka mpya kwenye meno yale yale, basi." Ushauri huo nilipewa na fundi ninayemheshimu kwa mambo mengine mengi, nao ulinipotezea wikendi mbili nzima. Gari langu halina springi za koili nyuma. Kila gurudumu la nyuma hubebwa na tosheni baa, yaani fimbo ya chuma yenye meno kila mwisho, iliyolala kukingama gari, ambayo hujisokota gurudumu linapopanda.

Fimbo za awali zilikuwa na kipenyo cha milimita 23, nami nilinunua za milimita 26. Milimita 3 huonekana si kitu, lakini ugumu wa fimbo hufuata kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo mpya zilikuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 63. Nilipozichomeka kama nilivyoambiwa, gari lilinyanyuka nyuma kwa sentimita 7 hivi. Niliambiwa nisubiri, litashuka lenyewe. Niliendesha siku tatu na halikushuka.

Hapo ndipo nilipoketi na kalamu. Uzito wa gari haukubadilika, ila fimbo ngumu hujisokota kwa pembe ndogo zaidi chini ya uzito ule ule. Kwa vipimo vyangu, fimbo ya zamani ilijisokota nyuzi 26 gari liliposimama chini. 26 ukigawanya kwa 1.63 unapata 16. Kwa hiyo bamba linaloshika fimbo upande wa gurudumu lilipaswa kuning'inia kwa pembe iliyopungua nyuzi 10.

Uzuri wa mfumo huu, ambao bado unanifurahisha kila ninapoukumbuka, ni kwamba fimbo ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9 kamili, na la nje ni nyuzi 8 na dakika 11 (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja, si ya saa). Nilizungusha upande wa ndani meno mawili kuelekea kupunguza pembe, kisha nikalirudisha bamba jino moja kwa nje: 18 kutoa nyuzi 8 na dakika 11 ni nyuzi 9 na dakika 49. Mtu anayesema meno hayo hayaruhusu marekebisho madogo hajawahi kuyahesabu.

Pembe niliipima kwa kipimo cha kidijitali, nikianza na kizingiti cha mlango, kwa sababu gari lililo juu ya stendi halilali sawa kamwe. Fimbo za kushoto na kulia zina alama zake na hazibadilishani. Nilizipaka grisi kwenye meno, na kila mkwaruzo nikauziba kwa rangi, maana kutu huanzia hapo na ufa hufuata. Bushi za mabamba nilibadilisha zote. Shokapu pia, kwa kuwa za zamani zisingeweza kutuliza fimbo ngumu namna hiyo. Jumla ya gharama ilizidi kidogo bei ya fimbo zenyewe mara mbili.

Baada ya kuliendesha na kulipima tena, upande wa kulia ulikuwa chini kwa milimita 7. Jino moja ndani, jino moja nje kinyume chake, yaani dakika 49, na pande zote mbili zikalingana.