Kasha la Ami

Ami alipohama Kibokoni kwenda Kisauni, hapa hapa Mombasa, aliniachia kasha la vitabu vya mwongozo wa programu za kompyuta za zamani: WordStar ya kuandikia, dBASE ya kutunzia kumbukumbu, Lotus 1-2-3 ya hesabu. Alivitumia ofisini kwao Kilindini enzi za disketi laini. Joto la pwani lilishavila. Waya za kujalidia zimeshika kutu, kurasa zimegandana kama chapati zilizopangwa zingali moto. Nikaanza kuvipiga skani, nia yangu niviweke mtandaoni vyote.

Mke wangu akaniuliza, "Na wenyewe umewauliza?"

Nikamcheka. Wenyewe gani, na kampuni zilishakufa? Kumbe kampuni hufa, haki zake za kunakili zikauzwa kama nyumba na wapangaji wake ndani. WordStar ilianza 1978 kwa kampuni ya MicroPro. Mwaka 1994 ikaangukia SoftKey, ambayo baadaye ilijiita The Learning Company, na 1999 Mattel wakainunua. Ndio, Mattel hao hao wa mwanasesere Barbie! Na kwa sheria ya Marekani, kitabu kilichoandikwa na waajiriwa wa kampuni hulindwa miaka 95 tangu kichapishwe. Cha 1985 nikingoje hadi 2080 iishe.

Nilituma barua pepe tatu kuomba ruhusa. Jibu likaja moja, la kijana wa huduma kwa wateja aliyetaka kujua kifaa changu kina hitilafu gani.

Basi skani zimebaki kwenye diski yangu. Nilichosambaza ni maelezo niliyoyaandika mwenyewe: kwamba kwenye WordStar, Ctrl-K kisha S huhifadhi kazi, Ctrl-K kisha X huhifadhi na kutoka. Kwa haki za kunakili, namna programu inavyofanya kazi haina mwenyewe. Maneno na michoro ya kitabu ndiyo yenye mwenyewe.

Chini kabisa ya kasha palikuwa na kijitabu cha Kiswahili cha kufundishia makarani, kimetolewa kwa stensili, wino umepauka. Hakipo popote mtandaoni, nimetafuta. Ami akanielekeza kwa aliyekiandika, mwalimu mstaafu akaaye mtaa wa Tudor. Kwa sheria ya Kenya haki ni yake maisha yake yote, na miaka 50 baadaye.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Ila ukurasa wa 12 nilikosea, usiutoe vile."

Nikampa karatasi ya ruhusa niliyoiandaa. Akaisoma, akaomba kalamu, akasahihisha sarufi yangu mahali pawili, ndipo akatia sahihi.