Hesabu ya marejesho ya shangazi

Jana shangazi, muuza khanga, kaniita nimsomee mikataba miwili ya mkopo. Yote ni ya milioni 1, miezi 10, riba asilimia 5 kwa mwezi. "Si ni ileile, mwanangu?"

Nikakaa na kalamu. Wa kwanza unatoza riba juu ya milioni nzima kila mwezi, hata ukishalipa nusu: 50,000 mara 10, laki 5. Wa pili unatoza kwenye deni lililobaki tu. Ukipunguza laki moja kila mwezi, riba yote ni 275,000. Tofauti 225,000! Shangazi alinyamaza kabisa.

Hizi ni asilimia za shule ya msingi, ndugu zangu. Lakini Hisabati ndiyo inayoangusha watahiniwa wengi kidato cha nne, na bado tunawaambia watoto, hasa wa kike, kwamba hesabu si za kila mtu. Inaniuma sana. Pesa ikivuja hivi kwenye kila genge na kibanda, ni mtaji wa nchi unaovuja.

Shangazi kachagua wa pili. Jumamosi akifunga duka tunaanza masomo ya asilimia, na binti yake atakuwepo.