Kumbukumbu ya mradi wangu: vichwa vizito, silinda fupi

Wiki ya kwanza

Nilianza mradi huu wa kujipakilia risasi zenye vichwa vizito (kichwa ni ile sehemu ya risasi inayoruka kutoka mtutuni) nikidhani kwamba kitakachonisumbua ni uzito, kumbe kilichonisumbua ni urefu. Bastola yangu ni Smith & Wesson Model 27 ya .357 Magnum, niliyoinunua mkononi mwa mtu hapa Idaho ninakoishi, na risasi ninazojipakilia kwa kawaida huwa na vichwa vya greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Nilitaka vichwa vizito zaidi kwa ajili ya matembezi ya milimani. Nakiri pia kwamba mpakiaji wa Idaho hawezi kumkwepa Elmer Keith, mwindaji na mwandishi wa mambo ya silaha aliyeishi Salmon katika jimbo hili, ambaye kichwa cha risasi alichokibuni, chenye pua pana na bapa, bado kinamiminwa kwa kalibu namba 358429 ya kampuni ya Lyman, na huwa na greni 170 hivi kutegemea mchanganyiko wa madini.

Kabla ya kugusa baruti nilitengeneza risasi moja ya majaribio, isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti). Nilishindilia kichwa hadi mdomo wa ganda ukafika kwenye mfereji wa kubania, yaani mtaro unaokizunguka kichwa, nikaubana, nikapima kwa vernia: inchi 1.66. Nilipoitumbukiza kwenye silinda, ile sehemu ya bastola inayozunguka na kubeba risasi, pua ilichungulia upande wa mbele kama kichwa cha kobe, na silinda ikagoma kufunga. Kikomo cha urefu wa risasi nzima ya .357 Magnum kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya Marekani ya watengenezaji wa silaha na risasi, ni inchi 1.590, kwa hiyo bastola haikuwa na kosa lolote. Kichwa hicho kilibuniwa kwa ajili ya ganda la .38 Special, risasi ya zamani zaidi na dhaifu zaidi, lenye urefu wa inchi 1.155, kabla ya .357 Magnum kutoka mwaka 1935 na ganda lake la inchi 1.290. Pua ni ileile, lakini ganda limerefuka.

Wiki ya pili

Wazee wa kazi hii walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukitia kichwa hicho kwenye ganda la .38 Special na kukipa baruti ya nguvu za magnum. Nimeikataa bila kufikiri sana. Risasi ya namna hiyo huingia bila kizuizi kwenye bastola yoyote ya .38 Special, na .38 Special ya kawaida ina kikomo cha mgandamizo cha pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, ilhali .357 Magnum inaruhusiwa hadi 35,000. Ganda la magnum lilirefushwa makusudi ili kuzuia mchanganyiko huo, nami sioni sababu ya kuurudisha kwenye sanduku langu, ambalo siku moja litarithiwa na mtu asiyejua nilichokuwa nikifanya.

Njia ya pili ni kushindilia kichwa ndani zaidi na kuubana mdomo wa ganda juu ya bega la mbele la kichwa badala ya kwenye mfereji. Silinda itafunga, lakini kitako cha kichwa kitakuwa kimekula nafasi ya baruti, na nafasi ikipungua, mgandamizo hupanda kwa kasi ambayo macho hayawezi kuikadiria. Kipimo cha baruti kilichoandikwa kwa urefu mmoja si kipimo tena kwa urefu mwingine. Ndiyo maana sitaandika hapa vipimo vyangu vya baruti. Kila mmoja afuate kitabu cha mtengenezaji wa baruti yake, kwa kichwa kilekile na urefu uleule uliotajwa humo.

Nilichagua njia ya tatu, isiyo na ushujaa wowote: kununua vichwa vya greni 180 ambavyo mfereji wake umewekwa karibu zaidi na pua. Risasi nzima ilitoka na inchi 1.58, na silinda ikazunguka huru.

Wiki ya nne

Nilikwenda kiwanja cha shabaha na risasi 12. Duru ya kwanza ilikwenda hadi risasi ya tano, kisha silinda ikakwama katikati ya mzunguko. Niliielekeza bastola kwenye tuta, nikasubiri, halafu nikaifungua kwa shida. Kichwa cha risasi ya sita kilikuwa kimejivuta mbele na kung'ang'ania ukingo wa nyuma wa mtutu. Kila risasi inapolia, bastola hupiga teke kurudi nyuma na ganda hurudi pamoja nayo, lakini kichwa kizito huwa kinataka kubaki pale kilipokuwa, na kama mdomo wa ganda haukubana sawasawa, kitachomoka kidogo kidogo.

Kosa lilikuwa langu. Nyumbani nilipima maganda 20 yaliyobaki katika kundi lile nikakuta mafupi na marefu yamechanganyika, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuyakata yawe sawa. Ganda fupi lilikuwa linafika kwenye dai ya kubania (kifaa kinachoukunja mdomo wa ganda) likiwa halijaguswa vya kutosha. Ukipitisha kucha kwenye mdomo wake unausikia bado una ncha, wakati wa ganda refu umejikunja vizuri ndani ya mfereji.

Wiki ya sita

Maganda yote sasa yamekatwa kwa urefu mmoja, na kazi ya kubana naifanya peke yake, baada ya kushindilia. Kipimo changu ni hiki: naitia alama risasi moja kwa wino, napiga tano nyingine, kisha naitoa ile na kuipima upya. Leo imesogea inchi 0.002 tu, na silinda haikusita hata mara moja. Jambo lililobaki ni kwamba vichwa hivi, kwa kuwa ni vya polepole na hukaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi wakati mdomo wake unainuka, vinagonga juu ya vile vya greni 158 katika yadi 25, kwa hiyo nimekishusha kilengeo cha nyuma na nitakipima tena Jumamosi upepo ukitulia.