Kichwa cha mama kilikuwa kinaanzia shingoni

Jamani hili nimelikalia muda mrefu, nimeona leo niliandike tu, maana kila nikikaa na watu wenye wazazi wazee nakuta stori ni ileile, mama kichwa, baba kichwa, tumempeleka wamesema presha, anameza panadol anaendelea.

Mama yangu ana miaka 71, yuko Muheza, ana vikuku vyake na kishamba cha mihogo nyuma ya nyumba, na kwa miaka kama minne hivi kichwa kilikuwa kinamuuma karibu kila siku ya Mungu. Upande wa kulia tu. Kinaanzia huku nyuma kwenye kisogo, kinapanda, halafu kinakuja kukaa nyuma ya jicho, na kikishafika hapo kwenye jicho basi siku hiyo hata kupepeta mchele hawezi, anaomba pazia lishushwe analala. Presha kweli anayo na dawa zake anameza kila asubuhi, lakini mara nyingi ikipimwa unakuta iko vizuri tu na kichwa siku hiyohiyo kinamuuma. Hapo ndo tungestuka mapema. Presha ili ikupe maumivu ya kichwa kwa kawaida inabidi iwe imepanda kweli kweli, kwenye 180 kwa 120 huko, sio 135 kwa 80. Lakini kila zahanati aliyoenda akisema kichwa anaambiwa presha, akisema na shingo inakaza anaambiwa mama umri huo, anapewa vidonge vya maumivu anarudi nyumbani. Hilo neno "umri huo" linaniuma hadi leo, kwa sababu ukishamwambia mtu hivyo hatarudi tena kukwambia kitu.

Mimi niko Dar, nilikuwa natuma hela ya dawa kwa simu kila mwisho wa mwezi na najiona namhudumia mama.

Nilikuja kustuka Idd nilipoenda nyumbani. Tumesali pamoja, mimi nimekaa kuliani kwake, tukafika kwenye kutoa salamu, nikaona mama anapogeukia kulia hageuzi shingo, anageuza mabega, kiwiliwili chote kinazunguka kama mtu aliyevaa plasta. Kushoto akageuka vizuri. Tulipomaliza nikamuuliza mama vipi, akanijibu kawaida kabisa, "Mwanangu, shingo hii ishakuwa mti zamani." Nikamuuliza toka lini, akasema hata hakumbuki. Jioni nikaenda kabatini kutafuta dawa zake, nikakuta kopo la Blue Band limejaa karatasi tupu za vidonge, za panadol na za diclofenac, nikakaa chini nikazihesabu na kumuuliza, ikaja kwamba anakunywa karibu siku 20 kwenye mwezi, na miezi mingine zaidi.

Hapa niseme jambo ambalo mimi sikulijua na nadhani wengi hatulijui. Dawa za maumivu zenyewe ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, ukaendelea hivyo zaidi ya miezi mitatu, zinaweza zikawa ndo zinaleta kichwa. Unameza kinatulia, dawa ikiisha mwilini kinarudi, unameza tena, unaingia kwenye mzunguko. Na hiyo diclofenac kwa mzee mwenye presha ni habari nyingine, inaweza kupandisha presha, inachubua tumbo na figo nazo haziipendi. Kwa hiyo tulikuwa tunatibu presha huku tunaipandisha. Daktari tuliyemwona baadae ndo alizikata zile dawa kwa utaratibu, wiki ya kwanza ilikuwa ngumu sana, mama alilia na mimi nililia kwenye simu, lakini daktari alikuwa ameshatuambia mapema kwamba kwanza itazidi ndo ishuke.

Kabla ya kufika kwa huyo daktari kuna kitu kilitaka kutokea ambacho bado nakishukuru kwamba hakikutokea. Mjomba wangu alisema yeye shingo ikikaza anaenda kwa kinyozi, akishanyolewa anakandwa kichwa halafu jamaa anamshika kidevu anakizungusha ghafla, KAA, anasikia raha, kwa nini tusimpeleke na mama kwa fundi mmoja wa kukanda anayejulikana pale mjini. Na alisema kwa mapenzi, yule ni kaka yake mama. Mimi pia nilikuwa nusu nimekubali! Lakini ndani ya mifupa ya shingo kuna mishipa miwili ya damu inapita kwenye vitundu vya pembeni kwenda nyuma ya ubongo, na kuzungusha shingo kwa nguvu kunaweza kuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda pale, ikapanda, mtu akapata kiharusi. Haitokei kila siku lakini ikitokea imetokea, na mzee mifupa yake yawezekana imelegea na hajui. Kumkanda mama mabega na mafuta ya nazi ya uvuguvugu sina neno, mkandeni tu, anapenda. Kumvunja shingo ndo hapana. Vijana wenye saluni naomba na nyie mliskie hili, mteja mwenye mvi msimzungushe.

Basi daktari akatuandikia twende fiziotherapia, hospitali moja Tanga mjini. Mama hakutaka. Kwake fizio ni ya watu waliopooza na waliopata ajali ya bodaboda, yeye kichwa kinamuuma anaenda kufanya mazoezi ya nini. Tukapanda gari kimya kimya.

Yule fizio alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akasimama akasema shikamoo mama, mama akaitika marahaba baba, akavuta kiti akakaa mbele yake na wala hakumgusa kwa muda mrefu, alikuwa anauliza tu. Na maswali yenyewe nayaandika hapa kwa sababu ni ya maana. Alimuuliza kama ameshawahi kuanguka karibuni. Kama mikono inapoteza nguvu, kama kufunga kifungo cha gauni kumekuwa kazi, kama akitembea anayumba. Kama ana homa au amepungua mwili. Alimuuliza akitafuna nyama taya linachoka na kuuma? akishika hapa pembeni ya paji, au akichana nywele, ngozi inauma? macho yamewahi kuzima ghafla? Nikamuuliza taya linahusiana nini, akasema kuna ugonjwa wa mishipa ya damu ya kichwani kuvimba unaowapata watu waliopita miaka 50, na usipotibiwa haraka unaweza kumpofusha mtu kabisa, kwa hiyo mzee akija na kichwa kipya ambacho hajawahi kuwa nacho lazima aulizwe hayo, na jibu likiwa ndiyo harudi kwenye mazoezi, anakimbizwa kwa daktari siku hiyohiyo. Mama yote alijibu hapana.

Ndo akamlaza chali. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakikunja kidevu kuelekea kifuani, halafu kikiwa kimekunjwa hivyo akakigeuza polepole kushoto, kikaenda. Kulia kikagoma, kama mlango wa mbao uliovimba masika. Akasema sawa. Akabonyeza na kidole gumba sehemu moja tu, juu kabisa pale shingo inapokutana na fuvu, upande wa kulia, mama akashika kitanda akasema "Hichohicho! Hicho ndo kichwa changu!" Yaani miaka minne, na mtu amekibonyeza kwa kidole.

Alivyotueleza ni hivi. Shingo ina pingili saba, zile mbili za juu ndo zinafanya karibu nusu ya kazi yote ya kugeuza kichwa. Neva zinazotoka kwenye pingili za juu zile na neva kubwa inayoleta habari za uso na paji na jicho, zote zinaenda kuingia kwenye ubongo sehemu moja. Mimi nilimwelewa alipotoa mfano wa luku, nyumba mbili zinatumia mita moja, yuniti zinaisha mbio na mwenye mita hawezi kujua ni nani kawasha pasi. Ubongo unaletewa maumivu kutoka shingoni, unayasomea kwenye jicho. Kumbe hii ina jina lake kabisa na mtaalamu wa neva wa Norway, Ottar Sjaastad, na wenzake ndo waliipa hilo jina mwaka 1983, kichwa kinachotokana na shingo. Sio jambo la jana.

Nikamuuliza ni ndoo? Maana mama kabeba ndoo na kuni na matenga ya machungwa kichwani toka yuko mtoto, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya ngata, kilometa ngapi. Akasema haiwezekani kunyooshea kidole kitu kimoja, kuna wamama wamebeba zaidi ya yeye na shingo hazina shida, lakini viungo vyake vimechakaa na misuli ya ndani imelala, na hiyo misuli inaweza kuamshwa hata ukiwa na miaka 71. Mama hiyo sentensi ya mwisho aliirudia njia nzima kwenye gari.

Sasa tiba yenyewe ukiiangalia unaona kama mchezo. Siku ya kwanza alimbonyeza bonyeza zile pingili za juu, taratibu mno, hakuna kualika kwa kitu chochote, kama dakika kumi. Halafu akachukua kipimo cha presha, kile cha mpira chenye mshale, na mama akanyoosha mkono akijua anapimwa. Akasema hapana mama, leo hatupimi mkono. Akakikunja akakiweka chini ya shingo, akakijaza upepo mpaka 20. Akamwambia itikia kwa kichwa, sema ee, lakini ee ndogo sana ya mtu mvivu, kidevu kishuke kidogo, kichwa kisinyanyuke kitandani, mshale upande mpaka 22 uushikilie hapo kwa sekunde 10. Mama akajaribu. Ile misuli mikubwa ya pembeni ya shingo ikasimama kama kamba, mshale ukaruka ukaenda 30 ukarudi. Akasema hiyo misuli ya pembeni ndo inafanya kazi ya wenzake waliolala, itulize, anza upya. Ilichukua ziara tatu mama kushika 22 bila kutetemeka. Mpaka wiki ya sita alikuwa anashika 26.

Nyumbani ni hayohayo bila mpira, asubuhi baada ya swala na usiku, ee ndogo mara kumi, na kuvuta mabega nyuma chini mara kumi akiwa amekaa. Mjukuu wake ndo alikuwa anamhesabia sekunde kwa sauti, na akikosea kuhesabu anagombezwa. Baadae yule fizio alipoona shingo imelegea akamfundisha mama kujigeuza kulia akisaidiwa na ukanda, tukakunja pindo la kanga ya zamani likatosha, unalipitisha kisogoni juu na kuvuta polepole ukigeuka. Hiyo sitaki kuielekeza hapa kwa maneno, mzee wako afundishwe na mtu aliyemshika shingo kwanza. Na mto, aliuliza analalia mito mingapi, mama alikuwa anapanga miwili ya sufi, akabakishiwa mmoja.

Mimi mtu wa kutaka uhakika, nilisoma sana usiku ule. Kuna utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2002, Gwendolen Jull na wenzake, watu 200 wenye kichwa cha shingo, wakaona kutibu kwa mikono na mazoezi haya ya misuli ya ndani kunapunguza maumivu na nafuu inakaa hata baada ya mwaka. Ila wale hawakuwa wazee. Wazee nimekuja kuwakuta kwenye utafiti mwingine wa Thailand uliotoka 2017, watu 65 wa miaka 50 mpaka 75, waliopata fiziotherapia vichwa vilipungua kuliko waliobaki na matibabu yao ya kawaida. Watu 65 ni wachache, lakini nilipousoma nilimwona mama yangu mle ndani.

Alienda mara mbili kwa wiki mwanzoni, halafu mara moja, jumla kama miezi miwili na nusu. Nauli ndo ilikuwa shida kuliko hata hela ya matibabu, na kuna wiki mbili alikosa kwa ajili ya mvua. Kichwa hakijaisha kabisa na sitamdanganya mtu. Kinakuja mara mbili au tatu kwa mwezi, hakifiki jichoni, akikisikia analala chali anafanya ee zake. Mwezi wa Ramadhani aliacha mazoezi akisema amechoka na kufunga, wiki ya tatu kikarudi, akaanza tena mwenyewe bila kuambiwa.

Mwisho wa mwezi uliopita nimemtumia hela kama kawaida, akanipigia. "Mwanangu hii ya dawa ya kichwa usiwe unatuma, nunulia watoto daftari. Nitumie ya nauli ya Jumanne, yule kijana kasema anataka kuniangalia tena."