Nilivyokaa na Wahadhiri Wapya Kati ya Muhula na Muhula

Mwaka jana idara yetu, katika chuo kimoja cha hapa Moshi, ilipokea wahadhiri wasaidizi wanne kwa mpigo, nami nikapewa jukumu la kuwalea. Walikuwa wamekabidhiwa kozi siku waliyoripoti na kuingia darasani pasipo kuelezwa lolote zaidi ya namba ya ukumbi. Kwa hiyo, nafasi yangu ya kwanza ya kukaa nao kwa utulivu ilikuwa zile wiki chache kati ya mitihani ya muhula wa kwanza na kufunguliwa kwa muhula wa pili.

Nilianza vibaya. Niliandaa semina ya siku mbili kuhusu mbinu za ufundishaji, ilhali kila mmoja wao alikuwa na rundo la vijitabu vya mitihani ambavyo havijasahihishwa na siku ya kuwasilisha alama ilikuwa imekaribia. Walihudhuria kwa heshima, lakini hakuna aliyeuliza swali hata moja. Jioni ya siku ya kwanza niliwaomba radhi, nikaivunja semina, nikawaambia kwamba kuanzia kesho yake ningemfuata kila mmoja ofisini kwake ili tushughulikie kazi iliyoko mezani pake.

Aliyenifundisha zaidi ni kijana mmoja aliyetokea Mtwara, ambaye alikuwa akisahihisha mtihani wa utangulizi wa takwimu.

"Shikamoo Dokta. Hawa wanafunzi hawasomi kabisa," alisema kabla sijakaa.

Niliitikia, kisha tukachukua vijitabu kumi na kuvipanga mezani, vyote vikiwa vimefunguliwa kwenye swali la tatu, ambalo lilikuwa limewaangusha wengi. Saba kati ya hivyo vilikosea mahali palepale: mwanafunzi amekokotoa wastani bila kosa, lakini alipotakiwa kueleza wastani huo unamwambia nini mkulima wa kahawa anayepanga mauzo yake, ameandika fomula upya. Nilimwomba anionyeshe kipindi alichofundisha kutafsiri majibu. Alipekua slaidi zake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Halipo, Dokta. Sikuwahi kulifundisha."

Sikutaka abaki na aibu hiyo, kwa sababu chanzo chake hakikuwa uvivu. Alikuwa amerithi mpango wa kozi wenye mada kumi na nne na akajitahidi kuzimaliza zote. Tuligeuza karatasi tupu tukapiga hesabu ya kozi ya muhula unaofuata, ambayo ni ya krediti 10. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, yaani jumla ni saa 100, na ndani yake mna mihadhara, semina, kazi za nyumbani na kujisomea. Kwa wiki 15, mihadhara ya saa mbili na semina ya saa moja kila wiki huchukua saa 45. Zinazobaki ni 55, ambazo hazifiki hata saa nne kwa wiki, naye alikuwa amepanga sura tatu za kitabu kila wiki. Tulibakiza mada tisa, na tukaacha vipindi viwili vizima kwa ajili ya kutafsiri majibu tu.

Kwa wenzake watatu mahitaji yalikuwa tofauti. Mmoja alihitaji tu kuonyeshwa jinsi ya kuingiza alama kwenye mfumo. Mwingine alikuwa hajapata mshahara tangu aajiriwe huku akidaiwa kodi ya chumba huko Rau, na niliona ni bure kumzungumzia silabasi kabla ya hilo, kwa hiyo tulishinda asubuhi nzima katika ofisi ya utumishi hadi jina lake lilipopatikana. Ninaamini asubuhi ile ilimsaidia kuliko semina yoyote ambayo ningeiandaa.

Wiki ya pili ya muhula mpya, kijana wa takwimu alinialika darasani kwake saa mbili asubuhi. Nilikaa nyuma kabisa. Aliandika wastani mmoja ubaoni, akauliza, "Mkulima akiiona namba hii, afanye nini?" kisha akaweka chaki chini na kusubiri. Ukumbi ulikaa kimya kitambo, na yeye hakujijibu mwenyewe, hadi binti mmoja wa safu ya tatu aliponyoosha mkono.